Mtoto Wodini: Yanayotangulizwa na Wauguzi, na Yanayompasa Mzazi Kuyasema



Mwezi huu tumekusudia kuzungumza juu ya mtoto anapopelekwa hospitali na kulazwa: wauguzi wa nchi hii hutanguliza mambo gani, kwa sababu gani, na sisi wazazi tuna kazi gani kando ya kitanda. Tumechagua habari hii kwa sababu ya tukio lililotufika sisi wenyewe, na tumepewa ruhusa na wenyewe kulieleza bila ya kutaja majina.

Usiku mmoja wa baridi, jirani yetu wa Silver Spring alitugongea mlango akiomba tumpeleke hospitali. Binti yake wa miezi 14 alikuwa akitapika na kuharisha kwa siku ya pili. Mumewe alikuwa kazini zamu ya usiku. Tuliondoka watu wanne: mama, mtoto, kaka yake mtoto mwenye umri wa miaka tisa, na sisi tuliokuwa tukiendesha gari. Tulipofika tuliwashusha mlangoni, kisha tukaenda kutafuta mahali pa kuegesha.

Muuguzi wa mapokezi aliuliza maswali yake ya kawaida, na kwa kuwa mama hajui Kiingereza vizuri, yule kijana ndiye aliyejibu. Aliulizwa mtoto ametapika mara ngapi, akasema. Aliulizwa kama anakunywa, akasema. Kisha akaulizwa ni lini mara ya mwisho mtoto kulowesha nepi. Kijana aliona haya kumtajia mama yake habari za mkojo mbele ya mgeni, basi akajibu mwenyewe: "Leo asubuhi." Mama hakujua kuwa swali hilo limeulizwa. Kweli yenyewe ni kwamba nepi ilikuwa kavu tangu adhuhuri ya siku iliyotangulia.

Wakaambiwa wakae wangoje. Tulipoingia sisi, tuliona waliokuja nyuma yetu wakiitwa kabla yetu, mmoja baada ya mwingine. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Wametuona ni wageni." Nasi, hatufichi, tulikasirika na kumwunga mkono. Ilipita karibu saa nzima ndipo tulipouliza, kwa mazoea tu ya kizee, "Amekojoa lini huyu?" Mama alipojibu, tulikwenda dirishani tukamweleza muuguzi. Hakungoja tumalize. Alisimama, akamminya mtoto kidole, akatazama mdomo wake, akamchukua ndani papo hapo.

Alhamdulillahi, baada ya siku mbili wodini mtoto alirudi nyumbani akicheka. Lakini ndani ya gari, siku ya kurudi, yule kijana alituuliza: "Kwani ni makosa yangu?" Tutarudi kwenye swali hilo baadaye.

KWA NINI ALIYEKUJA NYUMA HUTANGULIA?

Katika foleni ya mkate, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Katika idara ya dharura haiwi hivyo. Muuguzi wa mapokezi ana kazi moja kubwa, nayo ni kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Hospitali nyingi za Marekani hutumia ngazi tano. Ngazi ya kwanza ni ya yule ambaye asipotibiwa sasa hivi hatapona. Ya tano ni ya yule ambaye haja yake ni ndogo na anaweza kungoja bila madhara. Mtoto wa ngazi ya nne aliyefika saa mbili usiku atapitwa na mtoto wa ngazi ya pili aliyefika saa tano, na hapo hakuna dhuluma.

Katika kupanga huko, muuguzi hufuata utaratibu usiobadilika. Kwanza hutazama njia ya hewa: je, iko wazi? Pili hutazama kupumua: mtoto anapumua kwa kasi gani, mbavu zinaingia ndani, tundu za pua zinatanuka, anagumia kila atoapo pumzi? Shirika la Afya Duniani limeweka vipimo ambavyo hata mzazi anaweza kuvitumia nyumbani kwa saa ya mkononi. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, huyo anapumua kwa kasi. Wa miezi miwili hadi kumi na miwili, mara 50 au zaidi. Na wa mwaka mmoja hadi mitano, mara 40 au zaidi. Tatu, hutazama mzunguko wa damu: mikono ina joto au imepoa, moyo unakwenda mbio kiasi gani, na ngozi ikiminywa rangi yake hurudi upesi au huchelewa. Nne, hutazama fahamu: mtoto anamtambua mama yake, au amelegea na hajali kitu?

Ndiyo sababu mtoto anayelia kwa nguvu mara nyingi hupitwa na mtoto aliyenyamaza. Sisi masikio yetu huenda kwa anayelia. Muuguzi aliyefunzwa humwogopea zaidi aliye kimya. Mwili wa mtoto una tabia moja ya hatari: huvumilia kwa muda mrefu, moyo ukiongeza kasi ili kulinda mapigo na msukumo wa damu, kisha huanguka ghafla. Msukumo wa damu ukishashuka kwa mtoto, ujue kwamba muda mwingi umekwisha kupotea.

Hata hivyo, kupangwa si hukumu ya milele. Hali ya mtoto ikibadilika mkiwa kwenye viti, au mkikumbuka jambo mlilolisahau, rudini dirishani mkaseme. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Sisi tulikaa karibu saa nzima tukinung'unika kwa Kiswahili, na lililohitajika lilikuwa sentensi moja tu.

Tena fahamuni kwamba kwa sheria ya mwaka 1986, hospitali yenye idara ya dharura inayopokea fedha za bima ya serikali kwa wazee haina ruhusa ya kumfukuza mgonjwa wa dharura kwa sababu hana bima au fedha. Ni lazima imchunguze na kuituliza hali yake. Ankara huja baadaye, na ina mazungumzo yake; isiwe sababu ya kumweka mtoto nyumbani hadi alfajiri.

KWA NINI SWALI LA MKOJO?

Mwili wa mtoto mchanga ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake, na akiba yake ni ndogo. Akitapika na kuharisha, mafigo huzuia maji yasitoke, na dalili ya kwanza inayoonekana kwa macho ni nepi kavu. Mtoto mchanga akipitisha muda wa saa sita hadi nane bila kukojoa, hiyo ni habari ya kumpa daktari mara moja. Dalili nyingine ni kulia bila machozi, ulimi mkavu, macho yaliyoingia ndani, na utosi uliobonyea.

Mtoto akishalazwa, wauguzi hawaachi kuulizia mkojo. Mtawaona wakipima nepi kwenye mizani. Msicheke, wala msizitupe nepi kabla ya kuwaonyesha. Nepi iliyolowa hupunguzwa uzito wa nepi kavu, na kila gramu moja inayozidi huhesabiwa kuwa mililita moja ya maji yaliyotoka. Yanayoingia huandikwa, yanayotoka huandikwa, na kwa hesabu hiyo daktari hupanga kiasi cha dripu. Ikiwa mama amemnyonyesha mtoto au amempa maji ya chupa bila kusema, hesabu yote imeharibika.

MSIBA WA BALTIMORE

Hatuandiki haya ili mdhani kwamba wauguzi hawakosei. Mwendo wa saa moja kutoka hapa, mwezi wa Januari 2001, mtoto wa miezi 18 aitwaye Josie King aliingizwa katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, akiwa ameungua kwa maji ya moto. Ni hospitali inayosifika duniani kote. Mtoto alipata nafuu, akatolewa chumba cha wagonjwa mahututi, na familia ikaanza kujitayarisha kumpokea nyumbani. Mama yake, Sorrel King, aliona mwanawe ana kiu kisicho cha kawaida. Alipomwogesha, mtoto alikifyonza kitambaa kwa nguvu ili apate maji. Mama akasema. Akaambiwa hali ni nzuri. Baadaye mtoto akapewa pia dawa kali ya maumivu ambayo haikupasa apewe. Alifariki tarehe 22 Februari 2001, kwa kukaukiwa na maji mwilini pamoja na dawa ile.

Hospitali ilikubali kuwa ilikosea. Wazazi wake walichukua sehemu ya fidia waliyolipwa wakaanzisha mfuko kwa jina la mtoto wao, na mama akaanza kuzunguka nchi nzima akizungumza na madaktari na wauguzi. Katika matunda ya kazi hiyo ni utaratibu ulioanzishwa mwaka 2005 katika hospitali moja ya Pittsburgh, ambapo familia ya mgonjwa inaweza yenyewe kupiga simu na kuita kikosi cha dharura cha wodi pale inapoona mgonjwa anadidimia na hasikilizwi. Hospitali nyingi zimeufuata. Uingereza nayo ilianza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2024, baada ya kifo cha msichana wa miaka 13, Martha Mills, mwaka 2021, ambaye wazazi wake pia walisema wasisikilizwe.

Kwa hiyo siku mtoto wenu anapolazwa, ulizeni mapema: "Tukiona mtoto anazidiwa na hatukuridhika na jibu, tumwite nani?" Katika kila zamu yupo muuguzi mkuu wa wodi; mnayo haki ya kumwomba aje. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyo mama wa Baltimore alikuwa mwenyeji, akijua lugha na desturi, na bado neno lake halikupewa uzito uliostahili. Sisi tunaosema kwa sauti ya chini tujifunze kusema mara mbili.

FUNZO KUTOKA KILIFI NA MUHEZA

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, basi mtoto atundikiwe dripu upesi na ifunguliwe yote. Kwetu tumezoea kuiona dripu kuwa ndiyo tiba yenyewe, na mgonjwa asipotundikiwa tunaona amedharauliwa. Basi sikieni habari iliyotoka nyumbani na kuufundisha ulimwengu.

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilielekeza kwamba mtoto mwenye maambukizi makali, ambaye damu yake haizunguki vyema, amiminiwe maji mengi kwa haraka. Kundi la watafiti, wakiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, waliamua kulipima jambo hilo katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Kilifi yenyewe na hospitali ya Teule, Muheza. Walihusishwa watoto 3,141. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011, nayo yalishtua wengi. Baada ya saa 48, katika watoto waliomiminiwa maji kwa haraka walikuwa wamekufa kiasi cha 10 na nusu katika kila 100. Katika wale walioachwa bila kumiminiwa, walikuwa 7.3 katika kila 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake ili watoto wengine wasidhuriwe.

Tuwe waangalifu hapa: watoto wenye kuharisha na kutapika hawakuingizwa katika utafiti huo, wala wenye kuungua au utapiamlo. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha anahitaji maji, na kuchelewa kunaua. Funzo lake ni kwamba maji nayo ni dawa, na kila dawa ina kipimo, na mtoto mmoja si sawa na mwingine. Kwa hiyo muuguzi akiweka dripu inayokwenda polepole, au asipoweka dripu kabisa bali akampa mama bomba dogo lisilo na sindano na kumwambia amnyweshe mtoto mililita tano za maji ya chumvi na sukari kila baada ya dakika chache, msione mmepuuzwa. Kwa mtoto ambaye hajakauka sana, hiyo ndiyo tiba iliyo bora, na mtendaji wake mkuu ni mama.

MKALIMANI ASIWE MTOTO WAKO

Sasa turudi kwa yule kijana. Kwa sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, na kwa sheria ya afya ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zake, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri mkalimani, bila malipo. Kanuni hizo hukataza kumtumia mtoto mdogo kuwa mkalimani, isipokuwa katika dharura wakati hakuna mwingine na maisha yamo hatarini. Mkalimani wa Kiswahili aweza asiwepo jengoni, lakini hupatikana kwa simu au kwa video, mara nyingi katika dakika chache.

Hamhitaji hotuba ya kuomba. Semeni maneno mawili tu: "interpreter", kisha "Swahili". Wakiwauliza kama kijana wenu anaweza kusaidia, jibuni hapana. Watoto wetu hujua Kiingereza cha shuleni na uwanjani. Hawajui majina ya viungo vya ndani kwa lugha yoyote. Tena wanatuonea haya na wanatuhurumia. Atakapoambiwa jambo zito atalipunguza ili mama asilie, na atakapoulizwa jambo la siri atalipita. Hata mtu mzima wa familia si mkalimani mwema siku hiyo, maana moyo wake umo ndani ya jambo.

MAMBO YETU WASIYOYAJUA WAO

Muuguzi wa Washington ni hodari, lakini hakukulia Tanga wala Lamu. Yako mambo ambayo tusipoyasema hatayauliza.

La kwanza ni safari. Mtoto aliyetoka Afrika Mashariki akapata homa, hata baada ya miezi kadhaa, semeni mlangoni: "Alikuwa Kenya," au "Alikuwa Zanzibar, apimwe malaria." Katika muda wa mwaka mzima baada ya safari, homa yoyote itajwe pamoja na safari hiyo. Wengi wetu hudhani kwamba mtoto wa mtu wa pwani ana kinga; mtoto aliyezaliwa huku hana kinga yoyote. Malaria ya aina kali huweza kumwua mtoto ndani ya siku chache, na daktari ambaye hajamwona mgonjwa wa malaria mwaka mzima aweza kudhani ni mafua. Na msidhani ugonjwa huo hauwezi kuwapo huku: mwezi Agosti 2023 Maryland ilitangaza mgonjwa aliyeambukizwa hapahapa bila kusafiri nje, jambo ambalo halikuonekana katika jimbo hilo kwa zaidi ya miaka 40.

La pili ni ugonjwa wa selimundu. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa ugonjwa huo wanapozaliwa. Majimbo yote yalikuwa yakifanya hivyo kufikia mwaka 2006. Lakini mtoto aliyezaliwa Mombasa, Bujumbura au Goma huenda hakupimwa kamwe. Ikiwa katika ukoo wenu wapo wenye maumivu ya mifupa ya mara kwa mara, au watoto waliokufa kwa upungufu wa damu, semeni. Mtoto mwenye selimundu akipata homa ya nyuzi 38.5 za Selsiasi, yaani 101.3 kwa kipimo cha Marekani, ni dharura hata kama anacheza.

La tatu ni dawa za nyumbani. Panadol ya kwetu na Tylenol ya huku ni dawa moja kwa majina mawili, na pia imo ndani ya dawa nyingi za mafua. Mama akimpa mtoto Panadol iliyoletwa na shangazi, kisha baba akampa Tylenol, ini la mtoto ndilo litakalolipa. Aspirini wasipewe watoto ila kwa amri ya daktari. Asali, pamoja na baraka zake, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda. Wanja wa kununua sokoni mara nyingine huwa na madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo. Kama mmetumia dawa ya miti, kombe, au mafuta fulani, msifiche kwa kuogopa kuchekwa. Muuguzi hataki kuwahukumu. Anataka kujua kilichoingia mwilini.

La nne ni uzito. Dozi ya mtoto hupigwa kwa kilo, na mizani nyingi za nyumbani huku ni za ratili za Kimarekani, yaani paundi. Kilo moja ni paundi 2.2. Mkiulizwa uzito, msikisie, ombeni apimwe.

La tano ni rangi ya ngozi. Weupe wa upungufu wa damu na ubuluu wa kukosa hewa havionekani upesi kwenye ngozi nyeusi. Hutazamwa midomoni, ulimini, kwenye fizi na viganjani. Hata kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilionekana, katika utafiti uliotolewa mwaka 2020 juu ya watu wazima, kuwa hukosea zaidi kwa wagonjwa weusi kwa kuonyesha oksijeni ni nyingi kuliko ilivyo. Mkiona mtoto anahangaika kupumua na mashine inasema hali ni njema, msinyamaze kwa sababu ya mashine.

USIKU WODINI

Zamani, huko Ulaya na Marekani, wazazi walifukuzwa wodini na kuruhusiwa kumtazama mtoto saa chache kwa wiki. Kamati iliyoundwa Uingereza ilitoa ripoti mwaka 1959 ikitaka wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wakati wowote, na leo katika hospitali za watoto, kama hii yetu ya Children's National iliyoanzishwa Washington mwaka 1870, mzazi hulala chumbani na mwanawe. Basi aliyepata nafasi hiyo asiwe kama mgeni wa arusi. Kwa desturi wauguzi hubadilishana zamu asubuhi na jioni, na hapo habari huweza kupotea njiani. Kuweni macho wakati huo, na sikilizeni wanavyokabidhiana. Kila dawa inapoletwa, muuguzi hutazama utepe wa jina mkononi mwa mtoto. Utepe ukikatika, semeni. Ulizeni jina la dawa na kazi yake. Kuuliza si ujinga.

Muuguzi akiuliza juu ya maumivu, mwacheni mtoto ajibu kweli. Msimwambie mtoto wa kiume kwamba mwanamume halii. Maumivu yaliyofichwa huficha na ugonjwa.

Mkihitaji chakula cha halali, au muuguzi wa kike kwa binti aliyekua, ombeni mapema. Mara nyingi hupatikana. Zipo dawa zitokanazo na nguruwe, kama heparini ya kuzuia damu kuganda, na gelatini ya vidonge vingine. Mnayo haki ya kuuliza kama ipo nyingine, lakini tiba ya dharura isicheleweshwe kwa swali hilo. Na wewe mama unayenyonyesha, ukiwa umelazwa na mwanao katika Ramadhani, dini imekupa nafasi. Kula, kunywa, upate nguvu ya kukesha.

KARATASI YA FRIJI

Tunawaomba mkate kipande hiki mkibandike jikoni:

1. Uzito wa mtoto kwa kilo, na tarehe ulipopimwa.
2. Dawa zote alizopewa, saa ngapi na kiasi gani, pamoja na za kienyeji.
3. Mara ya mwisho kunywa, kutapika na kukojoa.
4. Nchi aliyotembelea katika mwaka uliopita.
5. Magonjwa ya ukoo, na dawa zinazomdhuru.
6. Maneno mawili: interpreter, Swahili.
7. Mtoto aliyebadilika rangi, anayehema kwa shida, asiyeamka, au anayetetemeka kwa degedege: piga 911, usingoje gari la jirani. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ya nyuzi 38, yaani 100.4 kwa kipimo cha huku, apelekwe siku hiyohiyo, saa hiyohiyo.

Yule kijana tulimjibu hivi: "La, mwanangu. Wewe ulibeba mzigo wa watu wazima, nasi ndio tuliokutwika." Hakusema neno. Wiki iliyofuata mama yake alitueleza kwamba mwanawe ameinakili orodha hii kwa mkono wake, kwa lugha mbili, na jambo la tatu amelipigia mstari.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalinde watoto wetu. Wabillahi tawfiiq.